Rangi za Mbiru

Rispa alikuwa na ugonjwa wa rangi. Wanawake wengine wa Kosele walikandika nyumba zao kwa udongo uliokuwa karibu, wakanawa mikono, wakaenda shambani. Yeye alikuwa mtu wa kusimama njiani na kapu la samaki kichwani, akachota udongo wa ukingo wa mto na kuupaka kiganjani aone ukikauka utakuwaje. Sisi majirani tulimcheka sana, halafu Krismasi ikikaribia tulipita kwake kuiba mitindo.

Mwaka wa 1966 masika yalimomonyoa kuta zake vibaya, na wageni walikuwa njiani. Watu wa Cephas, kijana aliyetaka kumwoa Roseline, binti yake wa pekee, wangekuja Jumamosi kuliona boma. Enzi hizo hawakumwangalia msichana tu. Shangazi wa kijana alikagua kuta za mama, maana binti atakandika kama alivyofundishwa, na shangazi huyu alisifika kwa kukataa. Rispa alikonda kwa wiki moja.

Wazo lilimjia akiwa anaosha mbiru, samaki wa ziwani, aliowanunua Homa Bay. Ubavu wa kijivu, mgongo mweusi, tumbo jeupe, na kwenye ukingo wa mkia mstari mwekundu mwembamba. Alibaki na kisu mkononi. Rangi hizo zote zilikuwa karibu: majivu, masizi ya vyungu, udongo mweupe wa bondeni, udongo mwekundu wa mlimani. Alichokosa siku zote ni kipimo. Samaki yule hakuwa ametapanya wekundu, aliuweka pembeni, kidogo tu, na bado ndio jicho liliouona kwanza. Rispa alicheka peke yake, akamtuma Roseline bondeni na jembe.

Rangi zikawa tayari vyunguni, lakini hakuthubutu kuzipaka. Boma lile lilikuwa na mikayi aliyeitwa Dolphine, yaani mke wa kwanza wa Elkanah, mume wa Rispa, na kila kazi ilianzia kwa mikayi: kupanda, kuvuna, hata kukandika. Mke mdogo akimtangulia ameita chira, laana ambayo huanza na watoto. Rispa alikuwa na mtoto mmoja tu. Naye Dolphine hakuwa ameshika udongo tangu mvua ziishe.

Rispa alimwendea, akapiga magoti mlangoni. "Nyieka, mke mwenzangu, nisaidie. Tia mkono kwa ukuta yako, hata kidogo, ndio mimi nianze yangu."

Mke mwenzake hakuinua macho kutoka kwenye mboga. "Hao wageni si yangu. Mimi sina msichana. Nani anakuja kuangalia ukuta yangu?"

"Nitakukandikia nyumba yote mimi mwenyewe."

"Nimesema hapana."

Akamkimbilia Elkanah. Huyo naye, kama wanaume wote wake zao wakikorofishana, akakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kutazamwa ng'ambo ya mto. Nakasirika hadi leo nikimfikiria.

Alhamisi Rispa alishindwa kuvumilia. Alichovya mkono kwenye majivu, akasimama mbele ya ukuta wake, mkono juu. Roseline alimwona kutoka jikoni.

"Mama, usiguse! Unataka nikufe?"

Mkono ulishuka. Rispa alijitwika chungu cha kwanza, akampa binti yake vingine, wakaenda kuvitua mlangoni kwa Dolphine. "Sema unataka nini," akamwambia.

Dolphine alichungulia ndani ya vyungu, kimoja baada ya kingine.

"Wageni waingie kwangu. Wakae kwangu, wakule kwangu. Tangu niolewe hakuna mtu amekuja kwa mlango yangu na heshima."

Rispa alitaka kumpiga. Pia alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko lile ombi. "Sawa," akasema. Dolphine akachovya vidole, akaugusa ukuta. Rispa alimkandikia nyumba nzima, akamalizia na mstari mwembamba mwekundu chini ya paa. Kisha akaenda kuikandika yake vilevile.

Jumamosi shangazi alisimama katikati ya nyumba ya Dolphine. Alipitisha kiganja kwenye kijivu, akaufuata ule mstari kwa macho mpaka pembeni. Rispa alikuwa mlangoni na sinia la ugali.

"Msichana ametoka kwa nyumba kama hii," shangazi akasema, "sisi hatuulizi tena. Mikayi, una mkono mzuri."

Elkanah alikohoa. Roseline akamtazama mama yake. Dolphine, kichwa juu, akajibu, "Asante."

Roseline alikuwa amepata mume. Rispa alitua sinia, akarudi kwake kuchukua samaki. Humo ndani kuta zilikuwa safi, na hakuna mgeni aliyezitazama. Alilia kidogo, akapakua mbiru waliobaki, akajifuta uso kwa khanga, akaenda kuwalisha wageni wa Dolphine.