Yai Chini ya Gurudumu
Yadollah, dereva wa teksi wa Tabriz, Irani, alishiriki bahati nasibu ya kupata nafasi ya kununua gari mara saba ndipo jina lake likatoka. Magari ya nje yalipigwa marufuku ili kiwanda cha magari cha nchini kikue. Teksi yake kuukuu alikwisha kuiuza ili alipie. Gari jipya liliposhushwa mlangoni, mkewe Mahrokh aliweka yai chini ya gurudumu, ili gari likianza kwenda lipasuke, liondoe kijicho cha watu.

Gari halikuwaka.

"Labda linaona haya, bwana," jirani akacheka.

"Waone haya wao wa kiwandani!" Yadollah akafoka. "Wamelindwa miaka yote kama mwali! Mimi na riziki yangu tunalindwa na nani?"

Akaliokota yai, zima.

"Nalipeleka kiwandani. Wanionyeshe huyo anayenionea kijicho."