Kura ya Mama Kengele

Ukitaka kuwagombanisha watu wazima, wenye akili zao na wenye wajukuu, waulize swali moja tu: bondia bora wa wakati wote ni nani? Halafu jisogeze pembeni. Pale kwenye benchi nje ya ukumbi wa ngumi, swali hilo liliulizwa kila jioni, na kila jioni watu walirudi makwao sauti zimekauka. Walikuwapo wazee waliokwisha kuwapanga mabondia wa dunia nzima, wale wa kwenye televisheni, kuanzia wa kwanza mpaka wa kumi, na ukimgusa hata yule wa sita tu, mtu anasusa chai. Sasa fikiria mwenyewe, siku ilipotangazwa kwamba ukumbi wao, uliokuwa umeezekwa upya na kupakwa rangi, utapewa jina la bondia wake bora wa wakati wote.

Lo! Benchi lilitaka kuvunjika.

Majina yalikuja mengi, yakapukutika, yakabaki mawili: Feni na Ukuta. Feni aliitwa hivyo kwa sababu mikono yake ilizunguka mpaka mpinzani akahisi upepo. Ukuta, naye, jina linajieleza. Ukimpiga unaumia wewe. Walipigana mara moja tu maishani, wakatoka sare, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuikubali sare ile. Kamati ya ukumbi ilikuwa na watu sita. Watatu wakainua mikono kwa Feni, watatu kwa Ukuta. Wakarudia, ikawa vilevile. Mwenyekiti akajifuta jasho, akasema, "Jamani, tutafute mtu wa saba. Mtu aliyekaa karibu na ulingo kuliko sisi sote."

Shingo zote zikageuka dirishani. Mama Kengele alikuwa pale juu ya kiti, futi ya kupimia shingoni, anapima mapazia mapya ya ukumbi.

Huyu mama ni fundi cherehani. Siku za kawaida hushona sare za shule sebuleni kwake, na siku za mapambano huvaa blauzi yake nyeupe, akaketi kwenye meza ndogo chini ya ulingo, saa ya raundi mkono mmoja, nyundo ya kengele mkono wa pili. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake angali msichana, akaishika mpaka mvi zikamtoka. Na kwa muda wote huo hakuna aliyemsikia akisema fulani ni zaidi ya fulani. Ukimuuliza, anakujibu, "Mimi nagonga kengele. Ya ngumi waulizeni wenye ngumi." Watu walimheshimu kwa hilo, ingawa sababu nyingine kila mtu aliijua. Feni ni mume wake. Ukuta ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja.

Na wote wanakaa nyumba moja! Ukuta alihamia chumba cha uani kwa dada yake tangu alipofiwa na mkewe. Wazee wawili, redio moja, miwani ya kusomea moja, na ubishi mmoja usiokwisha.

"Siwezi," Mama Kengele akasema huku akishuka kwenye kiti. "Mnataka kunivunjia nyumba?"

"Jumamosi, mama. Mbele ya watu wote," mwenyekiti akamsihi. "Neno lako moja tu, tupumzike."

Basi hapo ndipo kampeni ilipoanza. Feni, mwanamume ambaye tangu aoe hakuwahi kujua sukari inakaa wapi, aliamka alfajiri akamletea mkewe chai kitandani. Ilikuwa na chumvi, lakini mama wa watu akajikaza, akainywa yote. Kutoka sebuleni akakuta kaka yake amelala chali chini ya cherehani, anaitia mafuta na kuifunga mkanda mpya. Feni kuona vile, mbio dukani, akarudi na nyuzi za rangi zote, hata zambarau, rangi ambayo hakuna shule inayoivaa.

"Shemeji," Ukuta akamwambia wakati wa chakula, akitafuna taratibu kama kawaida yake, "dada yangu unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Na wewe cherehani umeipaka nini?"

"Ilikuwa inalia."

"Inalia miaka nenda rudi! Leo ndiyo masikio yamezibuka?"

Mama Kengele alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini akibaki peke yake na mikasi yake, kicheko kilimwisha. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa kweli. Kila mwaka mumewe humuuliza, "Hebu niambie, mke wangu, mimi na kaka yako, nani zaidi?" Mdomo unatania, macho hayatanii hata kidogo. Na kila mwaka yeye hukwepa. Jibu analo. Ila aliona akilitoa tu, mumewe hatamtazama tena kwa jicho lile lile, na akidanganya, kaka yake na ukumbi mzima watamjua kuwa amedanganya.

Jumamosi ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Huku "Feni! Feni! Feni!", kule miguu inapigwa sakafuni, "U-ku-ta! U-ku-ta!" Mashemeji wawili wamekaa mstari wa mbele na makoti waliyovaa kwenye harusi za watoto wao, mmoja anang'ata kucha, mwingine amefumba macho. Mama Kengele akapanda ulingoni, akapewa kipaza sauti. Akapiga moyo konde.

"Kura yangu nampa Ukuta."

Mama yangu! Kofia ziliruka, watu wakakumbatiana na wasiojuana nao. Ukuta akainuka na mikono yote miwili juu, kisha akamtazama shemeji yake, akaishusha pole pole, akakaa. Feni alikuwa anapiga makofi. Anapiga vizuri tu, kama mtu mwungwana, lakini uso umemshuka.

"Sijamaliza!" Mama Kengele akapaaza sauti. Nani amsikie? Akainama kati ya kamba, akaifikia kengele pale mezani pake, akaigonga kwa nguvu zake zote. Pa! Ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa hao ni watu wa ngumi na kengele wanaiheshimu.

"Mume wangu, nisikilize. Kaka yangu nimemwona akipigana. Tangu utotoni sikuwahi kuamini kwamba yupo mtu wa kumuumiza huyu, kwa hiyo nilimtazama kwa raha zangu, ngumi baada ya ngumi. Lakini wewe sijawahi kukuona."

Feni akasimama. "Hujaniona vipi? Si ulikaa pale, mbele kabisa!"

"Nilikaa, macho kwenye saa. Ukipanda wewe, mimi natazama mshale tu, nauomba ukimbie. Watu wakipiga kelele sijui umepiga au umepigwa. Nikishagonga kengele ndipo nainua kichwa, nione kama bado umesimama. Nitampangaje bondia nisiyemjua? Kwangu huna namba, si wa kwanza, si wa kumi. Nilikuwa nakuogopea mno."

Mtu mmoja dirishani akapenga kamasi.

"Hata pambano moja?" Feni akauliza.

"Hata moja."

"Hata lile la dereva wa tingatinga? Nilipomlaza kwa mkono wa kushoto huku nakutazama wewe?"

"Nilisikia kishindo. Nikajua ni wewe umeanguka."

Watu wakaangua kicheko. Feni akashika kichwa. "Basi zile mbwembwe zote nilikuwa namfanyia nani? Miguu nachezea upande wa meza yako, kila raundi, kocha ananitukana nirudi katikati, mimi sirudi! Nilitaka uone! Kumbe mwenzangu anasoma saa!"

Sasa hata waliokuwa wanacheka walikuwa wanajifuta macho. Feni hakuwangoja. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaita, "Shemeji! Panda."

"Shemeji, magoti yangu haya..."

"Raundi moja. Nataka mke wangu anione. Mwenyekiti, shika saa wewe. Na wewe mama, leo hushiki kitu, leo unatazama."

Glavu zikaletwa. Wazee wawili na viatu vyao vya harusini wakasimama katikati ya ulingo, na kengele ikalia. Ngumi ya kwanza tu, Mama Kengele akafumba macho.

"Fumbua!" Feni akamfokea bila kugeuka.

Akafumbua. Na ndipo akaona. Aliona mabega yale anayoyashonea mashati yakiyumba huku, yakitokea kule. Aliona mkono wa kushoto ukidanganya na wa kulia ukifika. Ukuta alisimama imara, amejikunja nyuma ya glavu zake, anangoja, akipata nafasi anarudisha moja nzito, na Feni anainama nayo inapita juu ya upara wake. Kumbe mumewe akipigana hutabasamu! Tena huimba kwa puani! Amekaa naye maisha yote hayo, hakuwahi kulijua hilo. Mama wa watu akasahau aibu, akazishika kamba, akaanza kupiga kelele kuliko ukumbi mzima.

"Kulia! Kulia, baba watoto! Usimwachie, mbane!"

"Dada, ndiyo nini sasa?" Ukuta akalalamika kutoka nyuma ya glavu zake.

"Nyamaza, linda kidevu!"

Mwenyekiti alipogonga kengele, wazee wote wawili walikuwa wanahema, mmoja amemwegemea mwenzake. Feni akajikokota hadi kwenye kamba alipokuwa mkewe. Shati limemganda mgongoni. Ukumbi mzima ukatega masikio.

"Haya. Umeniona," akasema. "Niko wa ngapi?"

Mama Kengele akamtazama kaka yake, akamtazama mumewe, akamtazama tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta.

"Wa pili," akasema.

Feni akaruka, au alijaribu kuruka. Akaanza kuzunguka ulingo, vidole viwili juu, akiwaonyesha watu wa mbele na wa nyuma na wale wa madirishani. "Wa pili! Mmemsikia mke wangu? Wa pili wa wakati wote!" Na Ukuta, ambaye jina lake lingeandikwa juu ya mlango, alimfuata nyuma amemshika kiuno asianguke.