Nilivyomlilia Fidelis Darajani

Mnaotaka kucheka chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika kanga usoni, ila mcheke polepole, kwa sababu kile nilichokisikia darajani sikukiota.

Nilitoka kwetu Kihagara na binti yangu Neema kwenda Dar kuonana na wazazi wa mchumba wake, Fidelis, na Fidelis alikuwa atupokee ng'ambo ya Kigamboni, lakini mimi (kiherehere changu hiki!) nikasema tushuke garini tuvuke kwa miguu, nilione vizuri hilo daraja lililoning'inizwa kwa nyaya. Asubuhi ile manyunyu yalikuwa yameficha ng'ambo yote, meli kule chini zinaonekana nusunusu, na tulipofika katikati nikasikia kilio. Kirefu, cha wanawake wengi, kinatoka juu ya maji.

Sasa kwetu ziwani kilio kikitokea upande wa maji mwanamke haulizi nani kafa, anatua mzigo na kukipokea hapohapo, ukichelewa watu wataambizana umefurahia msiba. Nikatupa mkoba, nikajifunga kanga kiunoni. "Mayooo! Mayooo!" Muuza samaki mmoja akaweka beseni chini akalia pamoja nami (Mungu ambariki, wala hanijui), magari yakapunguza mwendo, watu wakainama kingoni kuchungulia maji.

"Nani kaanguka?" askari akauliza.

Si ningenyamaza! Lakini ng'ambo ile nilimjua mtu mmoja tu, jina likanitoka lenyewe: "Fidelis! Fidelis mwanangu!" Neema akapiga yowe, akakaa chini kwenye maji ya mvua.

Ndipo wakatokea kwenye manyunyu watu wawili, Fidelis na mama yake.

"Shikamoo mama," akasema Fidelis.

Watu wote wakanyamaza, na kilio kikaendelea juu ya vichwa vyetu. Askari akanyoosha kidole kwenye nyaya.

"Mama, huo ni upepo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama yake Fidelis hakucheka. Alimvuta mwanawe kando, akaniambia taratibu, "Umemlilia mwanangu kwa jina lake, na yuko hai."

Harusi ilifungwa, namshukuru Mungu, na nimeapa sitapokea tena kilio kabla sijaiona maiti kwa macho yangu. Lakini mpaka leo Fidelis akichelewa kurudi nyumbani, mama yake hampigii simu yeye. Ananipigia mimi, huku Kihagara, anauliza, "Umesikia chochote?"