Shingo ya Nyati na Mbuzi wa Akika

Nilisikia magurudumu kabla sijamwona mwenye begi. Yalikuwa yanakwaruza kokoto za njia inayotoka barabara kuu kuja kwetu Mtawanya, yakinyamaza yanapofika kwenye mchanga, kisha yakianza tena. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Aliusimamisha ungo.

"Hiyo si baiskeli," alisema. "Wala si mkokoteni. Mume wangu, nenda katazame ni kitu gani kinakuja kutusaga."

Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe, na tangu babu afariki mimi ndiye mume pekee aliyenaye, kwa hiyo nilikwenda. Mgeni akatokea kwenye kona ya mikorosho: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, uso umeiva kwa jua, analivuta begi ambalo niliona papo hapo kwamba halitapita mlangoni kwetu. Pale kituoni bodaboda walikuwa tayari kumbeba yeye, lakini hakuna aliyekubali kulibeba begi. Basi akaamua kutembea nalo. Nilimpenda kabla hajafika.

Tulikuwa tumeandikiana tangu masika yaanze. Alikuwa anapanga safari yake ya kwanza ya uwindaji Afrika, na ofisi ya kampuni, huko mjini, ilimjibu vizuri mambo ya vibali, bunduki na chanjo. Lakini yeye alikuwa na maswali ambayo ofisi haikuyaweza. Je, asubuhi ya mwezi wa saba nyasi zinafika wapi, gotini au kiunoni? Mbung'o wanauma kupitia shati? Mtu akiamka kambini anasikia nini? Mwindaji bingwa, yule mwenye leseni ya kuongoza wageni porini, alichoka, akamwelekeza kwangu kwa sababu mbili: najua Kiingereza, na mjomba wangu ndiye msoma nyayo wake.

Nilijibu kila swali kwa furaha niliyoshindwa kuificha. Nilimwandikia kwamba nyasi zinafika kiunoni hadi moto wa kwanza upite, na kwamba avae rangi ya vumbi kwa sababu mbung'o hupenda bluu na nyeusi kama nzi anavyopenda embe. Nilimwonya asilete nguo za madoadoa ya kijeshi, kwani huku raia haruhusiwi kuzivaa. Kuhusu sauti ya asubuhi niliandika ukurasa mzima. Bibi alizaliwa kule deltani, kwenye mikoko, na alikuwa amenisimulia jinsi viboko wanavyokoroma alfajiri hata vikombe vinatikisika kabatini. Nikawachukua viboko wake nikawapeleka kambini, ingawa kambi iko magharibi, mbali na mto. Mgeni alijibu kwamba ameusoma ukurasa ule mara tatu. Nilitembea na sifa ile wiki nzima.

Kuna jambo moja tu sikumwandikia, nalo ndilo jambo pekee ambalo mjomba aliniomba nimwandikie.

Mjomba amesoma nyayo tangu ujana wake. Anaweza kutazama majani yaliyolala akakwambia nyati amepita saa ngapi na kama ana hasira. Lakini yeye ni Mwislamu, kama sisi sote hapa, na nyama ya mnyama ambaye hakuchinjwa hailiwi na mtu, si porini wala kijijini. Kwa hiyo mgeni akishapiga, na mnyama akishaanguka, kazi ya pili ya mjomba huanza. Anakimbia na kisu, anataja jina la Mwenyezi Mungu, anachinja kabla pumzi haijakatika. Pumzi ikikatika kwanza, nyama yote inaachwa kwa fisi.

Msimu uliopita alimkimbilia nyati wa mgeni mmoja. Jicho lilikuwa linafifia, hapakuwa na muda wa kuchagua, akakata pale mkono ulipofika, juu kabisa, chini ya taya. Vijiji viwili vilikula. Yule mgeni, bwana mzima mwenye ndevu, alikaa chini akalia. Alitaka kichwa na shingo vikaushwe na kutundikwa ukutani kwake, na ngozi ya shingo iliyokatwa pale juu haishoneki ikapendeza. Mwindaji bingwa alimwambia mjomba: msimu huu utakwenda tu iwapo mgeni mwenyewe ataandika kwamba anakukubali wewe na kisu chako. La sivyo, nitatafuta mwingine.

"Mwandikie," mjomba aliniambia. "Mweleze yote. Nisije nikafukuzwa mbele ya watu."

Nami kila nikianza kuandika niliona aya ile inachafua barua. Nyasi, umande, halafu koo? Nikawa naiacha kwa barua inayofuata. Barua zikaisha, na mwezi wa sita mgeni akapanda basi kuja kuona mwenyewe kabla ya kuamua.

Siku aliyofika ilikuwa siku ya akika. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, siku yake ya saba ilikuwa imetimia, na mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko akila maganda ya muhogo bila habari. Bibi alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye mkeka, akamletea chai na vitumbua. Begi lilibaki nje. Mgeni alilifungua ili atoe zawadi ya mtoto, na kitu cha kwanza kuchomoza kilikuwa suruali ya madoadoa ya kijeshi.

"Nilimwandikia," nikamwambia bibi, nikijitetea.

"Uliandika maneno mengi, hilo hakuliona," bibi alisema. "Mwambie airudishe chini kabisa, kabla jirani hajapita. Mwambie pia kwamba ni suruali nzuri, asisikie vibaya."

Mjomba akaingia uani. Nilimwamkia, na mgeni, aliyekuwa amefanya mazoezi, akasema shikamoo kwa sauti ya kuimba, kwa mtu anayemzidi miaka miwili mitatu tu. Mjomba aliitikia marahaba akicheka. Akaketi kando yangu. Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, kwa hiyo aliniita hivyo, taratibu.

"Mjomba. Amesemaje kuhusu shingo?"

Nilinyanyua kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Hukumwandikia," alisema.

"Nilitaka kumwambia uso kwa uso."

"Basi uso huo hapo."

Nilimweleza mgeni yote palepale, vibaya, kwa kurudi nyuma na kusahau. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuliandika katika barua zake zote. Yeye ni mwenye bucha. Bucha ilikuwa ya baba yake, na kwa miaka mingi baba alipanga safari hii, akakusanya ramani, akajifunza kusema asante sana, akafa kabla ya kusafiri. Juu ya mizani kuna nafasi aliyoiacha wazi ukutani kwa ajili ya nyati. Wateja wazee bado wanaiulizia.

"Nakitaka kichwa pamoja na shingo yote," alisema. "Samahani. Mwambie samahani sana."

Nilimwambia mjomba. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei sokoni.

"Ana haki yake," alisema. "Baba ni baba." Akasimama. "Acha nikamalize kazi ya mtoto."

Nilibaki nimekaa na aibu yangu. Bibi alinitazama, akaendelea kupepeta, na kila pumba iliyoruka niliiona inanijia mimi.

Mgeni hakubaki mkekani. Mtu wa bucha akisikia mbuzi anachinjwa hawezi kukaa na vitumbua. Nilipoinuka kwenda kusaidia, alinifuata nyuma ya jiko, akasimama kwa heshima pembeni ya wanaume, mikono nyuma. Mwalimu wa madrasa alikuwa amekuja kumwombea mtoto dua. Mjomba alimlaza mbuzi akielekea kibla, akataja jina la Mungu, na kisu kikapita mara moja tu. Mgeni alitikisa kichwa kidogo, kama anayesikia muziki anaoujua.

Lakini kilichomfanya asogee ni kilichofuata. Mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Tunafanya hivyo kwa kumtakia mtoto viungo vizima, akue bila kuvunjika. Hakuna shoka wala panga, ni kisu peke yake, na kila kiungo kinafunguliwa pale Mungu alipokiunga. Mjomba alimtundika mbuzi kwenye tawi, akamvua ngozi, akaanza kumfungua. Kisu chake kiligusa goti, kikazunguka, na mguu ukaachia mkononi mwake bila sauti. Bega likafuata, kisha mbavu, moja moja, kwenye uti wa mgongo.

Mgeni alikuwa amechuchumaa karibu naye bila kujijua.

"Muulize," aliniambia, "uti wa mgongo atautenganishaje?"

"Mwambie atulie, ataona," mjomba alisema. Akauona uso wake, akalegea. "Mwambie nasikiliza kwa ncha ya kisu. Mfupa unakwaruza, kiungo hakikwaruzi."

Nilipotafsiri, mgeni alicheka kwa sauti. Alisema baba yake alikuwa akimwambia hivyohivyo, na kwamba yeye ana vijana wanne pale dukani wenye misumeno ya umeme, na hakuna hata mmoja anayeweza kazi hii.

Mbuzi alipokwisha kuwa beseni la nyama nzima nzima, mgeni aliichukua ile ngozi, akaitandaza kwenye majani ya mgomba. Akaokota kipande cha mkaa jikoni. Akaonyesha sehemu ya juu ya shingo, palipokatwa.

"Hapa ukutani panaonekana na kila mtu." Akashuka na mkaa hadi kwenye kitako cha shingo, pale inapokutana na kifua, akachora mstari mfupi wa kushuka, si wa kukata upande. "Hapa fundi anaweza kushona, na hakuna atakayejua. Muulize kama kisu chake kinaweza kuingia hapa, na kama nyama bado italiwa."

Mjomba aliutazama mstari muda mrefu.

"Hapo ni pa ngamia," alisema.

"Ni pa ngamia," mwalimu wa madrasa aliitikia, akikunja kanzu yake asiguse damu. Alikuwa amengoja kuulizwa. "Ngamia huchomwa hapo, na ng'ombe huchinjwa juu. Hiyo ndiyo sunna. Lakini ng'ombe akichomwa hapo, jina la Mungu likatajwa na mishipa ikakatika, ni halali. Na nyati ni nani, kama si ng'ombe aliyekosa adabu?"

Wanaume wakacheka. Mjomba hakucheka. Alipiga goti kando ya ngozi, akashika kisu, akajaribu mkono wake hewani, juu ya mstari. Akajaribu tena kutoka upande mwingine. Niliona wazo likimwingia.

"Mjomba," aliniambia, "unajua nyati akianguka shida yangu nini? Pembe. Lazima nimgeuze kichwa nipate koo, na hapo ndipo wengine wamepigwa tumbo. Sasa hapa chini sihitaji kugusa kichwa. Nakuja kwa mgongoni, naingia, natoka." Akamgeukia mwalimu. "Miaka yote hii, mwalimu, hukuniambia."

"Miaka yote hii hukuniuliza," mwalimu alisema. "Ulikuwa unaniletea nyama tu, nami nakula."

Mgeni alitaka kujua wanasema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno safari hii, bila kuongeza umande. Alifuta mkaa vidoleni kwa jani. Kisha akaniomba karatasi.

Tulirudi uani. Bibi alileta daftari la dada la kliniki, akachana ukurasa wa nyuma. Mgeni aliandika mistari minne, akatia sahihi, akanikabidhi. Mjomba alitaka nisome kwa Kiswahili mbele ya watu wote.

"Nimeona kazi ya mikono yake," nilisoma. "Nataka msoma nyayo huyu aende nami, pamoja na kisu chake. Tumekubaliana mahali pa kukata. Akikosea, lawama nitaibeba mimi mwenyewe."

"Soma tena hapo kwenye lawama," mjomba alisema.

Nikasoma tena.

"Mwambie sitakosea."

Nilimwambia. Mgeni alisema anajua, lakini mwindaji bingwa hajui, ndiyo maana ameandika. Halafu akageuka kuniuliza, kwa upole ulionitia hofu, kama ni kweli viboko wa kambini wanatikisa vikombe. Nilikiri kwamba ni wa deltani, na kwamba kambini ataamshwa na kanga wakigombana. Alifikiri kidogo, akasema kanga pia wanafaa.

Bibi alikuwa ameshapakua wali, na nyama ya akika ilikuwa bado inachemka, imetiwa sukari kidogo ili mtoto awe na tabia tamu. Alimwambia mjomba akae, ale kwanza. Mjomba alikuwa ameshanawa mikono hadi viwikoni na kubadili shati. Mwindaji bingwa alikuwa Ikwiriri siku hiyo, kwenye bohari ya kampuni, akikagua magari, na kesho yake angeingia porini kufungua kambi. Majina ya wasoma nyayo alikuwa anayaandika siku hiyohiyo.

"Nyama itaiva sasa hivi," bibi alisema. "Mwanangu, umemchinja mwenyewe."

"Niwekee shingo," mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anacheka hadi mabega yanatikisika.

Alimwinamia mgeni, mkono kifuani. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa shati, akapapasa kama ipo, akalipita begi lililoziba nusu ya njia, akatoka. Mlango wa bati wa uani ukajifunga nyuma yake.