Pombe Iliyopita Kwenye Makaa

Miaka michache kabla ya Uhuru niliposwa na kijana wa Walikale. Baba yangu, katekista upande wa Nyamitaba, alisema tu, "Walete pombe yao. Nitaonja."

Hakuwa mnywaji, lakini desturi ilikuwa hivi: baba akimaliza kikombe, binti ameolewa, akikiweka chini kabla hakijaisha, wageni wanarudi na mbuzi wao. Naye aliamini kwamba pombe husema habari za nyumba ilikotoka. Mimi nilimpenda yule kijana, kwa hiyo niliombea kibuyu cha mama yake kama wengine wanavyoombea mvua.

Mama huyo aliwatangulia wanaume wa ukoo wake kwa siku moja, kibuyu kikiwa kimefichwa chini ya ndizi, maana Leta, serikali ya wakoloni, ilikataza pombe kali ya kuchemsha. Alifikia kwa shangazi yangu, nilikokuwa ninakaa. Haikuruhusiwa tuonane kabla ya kikombe, basi nikabaki nyuma ya ukuta wa matete, nikisikiliza.

"Dada, niko na haya," alisema. "Mahindi iliungua mu chungu. Nilikuwa naimba na majirani, furaha ikanisahaulisha. Onja."

Shangazi akaonja, akakohoa sana. "Hii njo pombe ao njo moshi wa jiko?"

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha mgeni kiliishia kwenye kilio.

"Kwetu, pombe ikiwa mukali, tunaipitisha mu makaa," akasema akitulia. "Muko nayo?"

Shangazi alikuwa na makaa ya mkaratusi, ambayo hayakuiva vizuri. Walijaribu kikombe kimoja.

"Sasa iko na harufu ya dispensaire," shangazi akasema. "Papa ya binti atafikiri mumemuletea dawa ya kikohozi."

Ikabidi waanze upya. Walichoma mti mgumu shimoni, wakaufukia kwa udongo, wakangoja upoe. Makaa yale waliyaponda hadi yakawa kama punje za maharage, wakayaosha mpaka maji yakawa meupe, wakayajaza ndani ya chungu kilichotobolewa chini na kuzibwa kwa nyuzi za mgomba. Kisha mama mkwe akaanza kumimina, kidogo kidogo.

"Itaisha saa ngapi?" shangazi akauliza.

"Itaisha yenyewe. Ukiisukuma, moshi inapita pamoja nayo."

Alasiri yote nilisikia matone yakianguka, na kwa kila tone nikasogeza punje ya rozari. Miaka mingi baadaye padri mmoja kutoka Amerika aliniambia kwamba kwao pia kuna whisky ya mahindi inayopitishwa hivyo, kwenye makaa ya mti wenye utomvu mtamu, kabla ya kulazwa ndani ya pipa. Sikushangaa. Mahindi ni mahindi, na subira Mungu hakuipa nchi moja tu.

Kesho yake, wanaume wa Walikale walipofika, baba alikunywa. Akanywa tena, kisha akakishika kikombe bila kukimalizia.

"Iko laini," alisema. "Lakini huko chini kuna moshi kidogo."

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya mlango: "Ni kweli, Papa. Niliiunguza. Njo nikakaa nayo jana mpaka ikatulia."

Baba alitazama ndani ya kikombe. "Kila nyumba inaunguza," akasema. "Nilitaka kujua kama kwenu kuna mutu wa kukaa nayo."

Akanywa akabakiza funda moja tu, akanipa nimalizie. Lilikuwa na utamu wa mahindi ya kuchoma, halafu joto likashuka kifuani polepole, bila kuparuza koo. Nikapeleka kikombe kitupu kwa mume wangu.

Jioni shangazi alitupa motoni yale makaa yaliyolowa pombe, yakawaka kwa ndimi za bluu. Mama mkwe, ambaye sasa niliruhusiwa kumtazama, alikuwa amekaa hapo akiota moto. Alisogea kidogo, akanipa nafasi.