Frais ya Simu Iliyokubaliwa Yote

Ninaoka keki nyumbani Kadutu, na kutoka nje hunichosha kuliko kukanda unga. Wateja hulipa kwa simu, watu wa moto hupeleka keki kwa pikipiki zao, mimi nabaki na oveni yangu, ambayo haina maswali.

Kwetu anayetuma pesa kwa simu huongeza na frais, ile ada ya kuitoa. Asiyeongeza huitwa mchoyo. Basi frais hiyo iliingia kwangu pamoja na bei, nami, msomi wa sekondari, nikaiandika yote kuwa mauzo. Siku ya kwenda kutangaza kodi ndipo nilipogutuka: ningetozwa kodi kwa hela ambayo kampuni ya simu ilishaila. Isipoondolewa kama matumizi ya kazi, pesa yangu ya unga ndiyo ingekwenda.

Karani wa kodi alikuwa mama mmoja mwenye mdomo.

"Frais ya kazi tunaondoa, papa. Ya nyumba, hapana. Nionyeshe ile ulitumia familia, tuiweke pembeni."

"Hakuna."

"Ya bibi?"

"Sina bibi."

"Ya sheri, mpenzi wa pembeni, basi! Usiogope, mimi si padri."

Ofisi nzima ikacheka. Nilicheka nao, ili nisiwe peke yangu hata katika hilo. Nikampa simu. Akapandisha ujumbe, akashusha: siagi, mayai, mteja, unga, mteja. Zamani nilimtumia mama yangu kule Kalehe, lakini simu hii niliinunua baada ya kumzika.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana juu ya kila ujumbe. Hakukuwa na cha kubishania.

"Papa," alisema, sasa polepole, "dosye yako ya kodi iko safi sana. Sijaona ya hivi."

Akaondoa frais yote.

Nje nilisimama na unga wangu uliookoka, nikitafuta wa kumwambia. Nikafungua majina kwenye simu: Keki ya Ubatizo, Komunyo ya Mapacha, Harusi Bila Sukari. Nikampigia Ubatizo.

"Papa wa gato! Iko nini?"

"Hakuna kitu, maman. Nilitaka kusalimia tu."

Nyuma yake nilisikia watoto, na sahani.

"Papa, ile pesa haikufika? Mbona nilituma na frais!"

"Ilifika, maman," nikamwambia. "Ilifika yote."