Maji Yaliyoungua ya Nélida

Nélida Fagúndez ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, na tangu hapo tunaitana komadre. Ndiye pia aliyeniombea kazi ya kuosha chupa katika maabara ndogo ya chanjo za ng'ombe. Yeye mwenyewe hulinda beseni. Chupa zenye vijidudu vya ugonjwa wa ndama kuhara damu huzamishwa humo, katika maji ya moto wa kiasi, mpaka vijidudu vife na kuwa chanjo.

"Muue, usimpike," hunitania. "Ukimkausha kama mumeo anavyokausha nyama choma, mwili wa ndama utamjuaje adui?"

Asubuhi moja ya baridi kali ya Julai nilimwona akitumbukiza birika la maji ya mate, kinywaji chetu cha majani machungu, katika beseni na kuongeza moto. Nikadhani hamna chupa ndani. Akaenda dirishani kupiga soga na muuza maziwa. Aliporudi akamimina maji kwenye kibuyu chenye majani, akavuta mrija, akatema.

"Yameungua!"

Maji ya mate yakichemka huharibu majani. Akamwaga yote, tukacheka.

Baadaye aliniletea chupa ya chanjo. "Mchanje Lucera, komadre. Zawadi ya mwanangu wa ubatizo."

Lucera alikuwa ndama wetu pekee. Kwake ndiko yangetoka maziwa ya binti yangu. Nilimchanja, nikamwacha achangamane na ndama wa jirani bila hofu. Akahara damu, akafa huku binti yangu akimpapasa masikio.

Wilmar, kaka yake Nélida, alikuja kunisaidia kumfukia.

"Ndama wako umewachanja?" nikamuuliza.

"Bado. Nélida alinikataza. Alisema ningoje nyingine, hii imeungua."

Nikalikumbuka birika ndani ya beseni.

Kesho yake nikamkuta Nélida, beseni mbele yake.

"Komadre, mbona hukuniambia?"

"Ningekunyima chanjo ungeuliza kwa nini. Na bosi ana masikio, angenifukuza."

"Wilmar ulimwambia."

"Wilmar ni damu yangu."

"Na mtoto uliyemshika kanisani?"

"Ee, usinililie hapa! Ndama tu huyo. Kunywa, mate inapoa."

Akanipa kibuyu. Siku hiyo maji yalikuwa mazuri, hayakuungua hata kidogo. Nikanywa mpaka mrija ukalia. Kwetu ukirudisha kibuyu kimya unajaziwa tena. Anayesema asante amemaliza.

Nikamrudishia.

"Asante, Nélida."

Mkono wake ukabaki juu, umeshika birika. Nami nikarudi kwenye chupa zangu.